Jirani Aliyeniita Halima

Sauti yake ilimtangulia. Ungekuwa ndani unasukwa nywele, au uko bafuni mwisho wa ploti, ungesikia jina lako limeitwa mara moja tu, bila kurudiwa, na ukajua una muda wa kuvaa viatu na si zaidi. Sisi watoto wa ploti ile ya Kaloleni, mjini Kisumu, tulimwogopa kuliko tulivyowaogopa baba zetu. Mama yangu alimwita Jirani, baba naye alimwita Jirani, na sisi tukafuata, ingawa ploti ilikuwa na nyumba kumi na mbili na kila aliyekaa humo alikuwa jirani wa mwenzake. Ukisema Jirani bila kuongeza neno ulimaanisha yeye, mwanamke wa nyumba ya pili, ambaye ukuta wake na wetu ulikuwa ukuta mmoja.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa leso mbili kila siku, moja kiunoni na moja kichwani, ambazo hazikufanana hata mara moja. Aliuza sambusa. Wateja walizipenda sambusa zake na hawakuthubutu kuzungumza naye. Alikuwa na neno juu ya kila kitu: namna unavyomenya kitunguu, namna unavyoanika shuka, namna unavyokohoa. Akiona mama amembeba mtoto vibaya mgongoni, angemsimamisha barabarani, amfungue leso, amfunge upya, kisha aende zake bila kumuaga.

Huyu ndiye aliyenipa jina. Mimi ni Mjaluo wa Seme, nimelelewa kanisani, na jina langu la kuzaliwa la kwetu ni Anyango. Lakini naitwa Halima. Sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, na kila mwaka wanafunzi wapya wakinisikia nikitaja jina langu, hakosi mmoja wa kuuliza kama naswali. Huwaambia kwamba jina nilipewa na jirani. Wanatazamana, wakidhani nimewakwepa.

Habari za siku nilipopewa jina nilizipata kwa nyanya yangu, mama mzazi wa baba, ambaye tulimwita Dani kama wajukuu wote wa Kijaluo wanavyowaita nyanya zao. Nilikuwa na umri wa siku sita. Mama alikuwa ameshikwa na homa kali baada ya kujifungua, amerudishwa hospitali, na baba alikuwa huko naye. Dani alitoka Seme kuja kunishika. Alinipa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, nikatapika. Akanipa tena, nikatapika. Nililia kuanzia asubuhi hadi adhuhuri.

Kwa Dani, mtoto anayelia kupita kiasi huenda anataka jina. Mmoja wa waliotangulia amerudi, anataka kutambuliwa, na njia ya kumjua ni kutaja majina ya marehemu mmoja mmoja mpaka mtoto anyamaze. Basi Dani alikaa kitandani, akanipakata, akaanza. Akawataja bibi wa upande wa baba wote aliowakumbuka. Nikalia. Akahamia upande wa mama. Nikazidi kulia. Alikuwa ameanza kutaja mashangazi ambao hawakuzaa, watu ambao hakuwapenda hata walipokuwa hai, mlango ulipofunguliwa bila hodi.

"Mama, huyu hatafuti jina," Jirani alisema. "Ana njaa."

Wakati huo alikuwa na mwanawe wa mwisho, Idi, wa miezi minne. Akakaa kitandani, akanichukua, akaninyonyesha. Dani alisema kwamba chumba kilinyamaza kiasi cha yeye kusikia redio ya nyumba ya tano. Lakini Dani hakuwa mtu wa kuliacha jambo. Alikuwa amesikia kitu.

"Umesema nini pale mlangoni?" akauliza.

"Nimesema nini?"

"Kabla hujaingia. Umesema, haya, Halima."

Jirani akainamisha macho kwangu. "Ndiyo. Nimesema."

"Ni nani huyo?"

"Ni mama mmoja wa zamani, wa Uarabuni. Alinyonyesha mtoto wa watu."

Dani akafikiri. Katika ukoo wetu hakukuwa na mtu wa Uarabuni. Lakini jina lilitamkwa, na mtoto amenyamaza, na yeye alikuwa amechoka. "Basi ametoka mbali sana," akasema. Baba alipokuja jioni kubadilisha nguo aliambiwa mtoto amepata jina, na wiki hiyohiyo akaliandikisha: Halima Anyango.

Mama alikaa hospitali wiki tatu. Muda wote huo Jirani alininyonyesha titi la kulia, na la kushoto likabaki la Idi. Hakuyabadilisha. Alisema kila mtu ajue chake.

Kitu ambacho Dani hakukijua, kwa kuwa alikuwa mgeni mjini, ni kwamba mama yangu na Jirani walikuwa hawajasemezana kwa miezi saba. Mama alikaanga samaki na kuuza, na maji ya kuoshea samaki yalipita kwenye mtaro mbele ya mlango wa Jirani. Siku moja Jirani aliuziba mtaro kwa majivu, maji yote yakarudi kwetu, yakaingia mpaka chini ya kitanda. Wakatamkiana maneno ambayo kila mmoja, nilipomuuliza nikiwa mkubwa, alikataa kuyarudia.

Kwa hiyo mama yangu alirudi kutoka hospitali, miguu bado haina nguvu, akamkuta mtoto wake kifuani mwa mwanamke ambaye hata salamu alikuwa hampi. Na mtoto ana jina la Kiislamu. Alinisimulia hivi: "Nilitaka kukunyakua. Lakini ulikuwa bado unanyonya. Nikakaa kwenye kiti nikasubiri umalize."

Hawakuombana msamaha. Mama aliuhamisha mtaro, akachimbisha mwingine nyuma ya nyumba. Tangu siku hiyo, sahani ilipita kati ya milango ile miwili ikiwa na samaki, ikarudi na sambusa, ikaenda tena na kitu kingine. Sikuwahi kumsikia yeyote kati yao akisema asante.

Mama alinibatizisha Rosemary. Nadhani ilikuwa njia yake ya kunichukua tena. Jirani alipoambiwa aliuliza maana yake, na kwa kuwa hakuna aliyeijua, alikwenda kuuliza mjini kwa Mhindi mmoja mwenye duka la viungo. Akarudi akasimama mlangoni kwetu. "Ni majani," akasema. "Wanatia kwenye nyama." Nikakua nikiitwa Rose upande mmoja wa ukuta na Halima upande wa pili, na Anyango kila nilipokwenda Seme, na niliitikia yote matatu.

Majina yalikuwa maradhi ya Jirani. Mtoto akizaliwa mtaani, Mwislamu au Mkristo, alikwenda na kipande cha sabuni, akaketi, akauliza jina, na mzazi akajiandaa. Rashidi ni aliyeonyeshwa njia, basi asiachwe kuzurura. Saidi ni mwenye heri. Latifa ni mpole na mzuri, "na wewe mbona umemfunika kwa tambara hili?" Mama mmoja wa nyumba ya tisa alimwita binti yake Shida, kwa sababu ya mambo yaliyowapata mwaka ule. Jirani alimwambia, "Utamwita Shida mara hamsini kwa siku, aje mbio, halafu ulalamike kwamba shida haziishi kwako?" Yule mama akabadilisha. Yule binti sasa anaitwa Shukuru, ameolewa Sondu, ana duka la vitambaa.

Na bado, yeye aliyejua maana za majina ya watu wote hakuweza kusoma Kiarabu ila kwa kufuatisha kidole. Alichokijua alikisikia kwa wanawake wenzake, katika maulidi, vyumba vya uzazi na matanga. Aliposahau maana alibuni, na alipobuni alisema kwa sauti kubwa zaidi.

Maana ya jina langu hakuibuni. Nilikuwa na miaka kama kumi, nimepigana na msichana mmoja kwenye bomba la maji na kumng'ata mkono. Jirani aliita mara moja. Nikaenda.

"Unajua Halima ni nini?"

"Ni mtu mpole."

"Nani amekuambia?"

"Mwalimu."

"Mwalimu amejua nusu. Hata kuku aliyefungwa miguu ni mpole, kwa sababu hana la kufanya. Halima ni mtu ambaye ana hasira, na ana mkono wa kupiga, na aliyemkosea yuko mbele yake hapo. Na hapigi. Anasubiri. Mwenyezi Mungu mwenyewe katika majina yake anaitwa hivyo, Al-Halim. Anatuona tunavyofanya, na bado hajatupiga."

Kisha akanisimulia juu ya yule mwanamke. Alitoka jangwani mwaka wa ukame, na wenzake, wakaja Makka kutafuta watoto wa kunyonyesha, kwa kuwa ndiyo ilikuwa desturi ya watu wa mji, kuwapeleka watoto wakalelewe kwenye hewa ya jangwani. Punda wake alikuwa dhaifu, nyuma ya wote. Kifua chake kilikuwa kikavu, mtoto wake mwenyewe halali kwa njaa. Wenzake wakachagua watoto wenye baba. Akabaki yatima mmoja ambaye kila mmoja alikuwa amempita, na Halima akaona haya kurudi mikono mitupu, akamchukua. Maziwa yakaja. Na yule yatima akawa Mtume.

"Nenda ukamwombe radhi yule mtoto," akamaliza. "Na ukimng'ata mtu tena nitakung'ata mimi."

Nilikwenda. Njiani nilijiuliza jambo moja ambalo sikuthubutu kumuuliza yeye. Kwetu sisi mtoto aliyenyonyeshwa nilikuwa mimi. Mbona nikapewa jina la aliyenyonyesha?

Yeye mwenyewe hakuwa na upole huo hata chembe. Mhubiri mmoja alifunga vipaza sauti karibu na ploti yetu Jumamosi, akahubiri toka saa tatu asubuhi. Kufika saa sita Jirani alikuwa amesimama mbele yake na mwiko mkononi, akimuuliza kama Mungu wake anakaa mbali. Lakini Jumapili ni yeye aliyenikagua kabla sijaenda kanisani. Alinigeuza huku na huku kama nguo dukani. "Unaingia nyumba ya Mungu na soksi hiyo?" Nikarudi kubadilisha. Nikiugua aliniombea dua kwa Kiarabu, na mama akaniombea kwa Kijaluo, na wote wawili wakanilazimisha kunywa uji.

Tulipokuwa kidato cha pili, mimi na Idi, mama mmoja wa ploti alitania kwamba sisi wawili tutaoana, kwa vile hatuachani. Jirani alikuwa anakunja sambusa. Aliacha kukunja, mikono ina unga. "Hawa wamenyonya titi la mtu mmoja," akasema. "Kwetu huyu ni dada yake, kama niliyemzaa. Usirudie hata kwa mzaha." Hapo ndipo nilipofahamu kwamba nina kaka. Idi alinitazama kana kwamba ameongezewa kazi.

Nilipofika umri wa kuchukua kitambulisho, mama alikuwa amekwenda Luanda Kotieno kununua samaki, kwa hiyo Jirani ndiye aliyenisindikiza. Afisa aliyekuwa mezani alikuwa kijana, si mkali. Alisoma karatasi zangu.

"Halima. Wewe ni Mwislamu?"

"Hapana."

"Sasa jina limetoka wapi?"

Nikamwonyesha Jirani. Afisa akamtazama, akatazama kadi yangu ya ubatizo. "Hapa kuna Rosemary," akasema. "Tukiandika Rosemary Anyango, unaapa karatasi ya kubadilisha jina na tunamaliza leo. Ukitaka hilo la Halima, itabidi ulete barua ya chifu, mzazi aje, na ukae ile benchi ya wale wanaoulizwa maswali. Ni utaratibu tu, dada."

Nilimgeukia Jirani. Nilikuwa nasubiri sauti ile. Nilitaka aipaze mpaka vioo vitetemeke.

"Andika Rosemary, mwanangu," aliniambia polepole. "Twende nyumbani."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamwambia hapana. Akarudia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuijua, ya mtu anayezungumza na wakubwa. Nikachukua karatasi zangu nikatoka nje. Alinifuata hadi getini.

"Umenipa jina wewe, na sasa unataka nilitupe," nikamwambia. Nilikuwa nalia kwa hasira.

"Nimekaa benchi ile," alisema. "Nimekaa mimi, wamekaa watoto wangu wote, na Idi atakaa. Tunaulizwa babu alizikwa wapi, kama si watu wa nchi hii. Mimi sina jina lingine, Halima. Wewe unalo."

Hilo halikunigeuza. Nilikwenda kwa chifu, nikarudi na baba, nikakaa kwenye benchi mara tatu, na mara ya nne nikapewa kadi. Siku zote hizo Jirani hakunisemesha. Nilipompelekea kadi aliishika mbali na macho, akalisoma jina, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Wamekupiga picha mbaya," akasema. Kisha akaingia ndani, akakaa humo kitambo, akatoka na kipande cha nailoni alichokikata vizuri kuizungushia isiloe.

Swali langu la utotoni nilimuuliza mara moja tu, na ilikuwa kwenye mazishi ya mama. Mama tulimzika nyumbani Seme, si mbali na Kombewa. Jirani alikuwa amekwishahamia Kibos kwa Idi, magoti yameanza kumsumbua, lakini alifika mapema kuliko shemeji zangu wengi. Alikuja na sufuria yake ya chakula, maana nyama ya wenyeji asingeila, akawakosoa waliokuwa wakipika wali, akawasaidia. Baada ya watu kupungua nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha jiko la Dani, peke yake, viatu amevivua.

Nikakaa kando yake. Nikamuuliza mbona aliniita kwa jina la yule mama na si la mtoto.

"Sikukuita wewe," akasema.

"Dani alisikia."

"Alisikia vizuri. Lakini sikuwa naongea na wewe. Nilikuwa naongea na mimi." Alinyoosha mguu mmoja kwa taabu. "Ulilia toka asubuhi. Ukuta ule ulikuwa mwembamba. Nilikuwa nakunja sambusa, kifua kinavuja kila ukilia, nguo imelowa, na nasema moyoni, acha alie, ni mtoto wa yule. Maneno aliyonitukana mama yako bado niliyasikia masikioni. Nikakaa mpaka adhuhuri. Mpaka adhuhuri, unanielewa? Halafu nikatoka. Nilipofika mlangoni kwenu miguu ikakataa. Ndipo nikajiambia, haya, Halima, ingia."

Wanawake walikuwa wakikusanya viti vya plastiki uani. Tuliwatazama.

"Dani yako akauliza, nami nikaona aibu kumwambia," aliendelea. "Nimwambie nini, kwamba nimemwacha mtoto alie nusu siku? Nikanyamaza. Akadhani nimekupa jina."

"Kwa hiyo jina si langu."

Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikivaa soksi mbaya. "Mimi nililitumia mara moja. Wewe umelitumia miaka thelathini na kitu. Ni la nani sasa?"

Nilisikia kwanza kama nimeporwa, kisha, polepole, kitu kingine kikaja badala yake. Nilimwona akiwa kijana kuliko nilivyo mimi leo, amesimama kwenye mlango wetu na nguo iliyolowa, anajisukuma. Nikamuuliza kama mama alijua.

"Nilimwambia mwaka jana, alipoanza kuumwa. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema hata yeye asingeingia."

Mwaka huu, siku chache baada ya Idd, Idi alinipigia. "Mama anauliza kama umehama nchi," akasema. Nilikuwa sijakwenda Kibos tangu shule zifunguliwe. Nikaenda Jumamosi, mchana.

Nilimkuta peke yake sebuleni, amekonda zaidi, miguu imevimba, mikono inatetemeka akishika kikombe. Idi alikuwa kazini na mkewe amekwenda sokoni. Tuliongea habari za watu wa ploti, nani amehama, nani amejenga. Aliniambia nimenenepa. Kisha adhana ya alasiri ikasikika, akaanza kutafuta fimbo yake, akaona hawezi kuinuka na kushika jagi kwa wakati mmoja.

"Nimwagie maji nitawadhe," akasema. "Leta lile beseni."

Sikuwahi kuifanya kazi hiyo. Alinielekeza kila hatua, na kila hatua nilikosea. Maji mengi mno. Sasa kidogo mno. Viganja mara tatu. Akasukutua, akapandisha maji puani, akanawa uso. Mkono wa kulia kwanza, mpaka kiwiko, nimesema kulia. Akapitisha mikono iliyolowa kichwani na masikioni. Mwisho nikapiga magoti kwenye saruji, nikashika mguu wake kwa mkono mmoja na jagi kwa mwingine. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka, vidole vimevimba vikabana. Nilivipitishia maji katikati kimoja kimoja, kwa kuwa yeye hakuweza kuinama kuvifikia. Nilipomaliza nikamkausha kwa leso yake.

"Nigeuzie kiti," akasema. Nikakigeuza kielekee kibla, upande wa kabati la vyombo. "Sasa kaa hapo. Usizungumze."

Nikakaa chini, kwenye mkeka, upande wake wa kushoto. Akaswali akiwa ameketi, akiinamisha kichwa pale ambapo zamani angesujudu. Midomo ilicheza bila sauti. Nje kulikuwa na watu wakipakua kokoto kutoka lori, na kila sepetu ilisikika. Nilitazama mikono yake juu ya mapaja. Ilikuwa imetulia.

Alipofika mwisho akageuza uso kulia, akatoa salamu. Kisha akaugeuza kushoto, ukanikuta mimi.

"Asalaam aleikum warahmatullah," akasema.

Hakuurudisha uso mbele. Sikujua kama mtu wa kanisa anaruhusiwa kuiitikia salamu ile, au kama ni ya malaika tu. Nikaiitikia, vibaya, kwa maneno niliyoyasikia kwao utotoni.

Hakunisahihisha.